Makaburi Yaliyotafutiwa Wateja

Mei 1780, ukuta wa chumba cha chini cha nyumba moja jijini Paris ulibomoka, na maiti za makaburi ya jirani, Saints-Innocents, zikaporomokea ndani. Pale watu walikuwa wamezikwa kwa karne nyingi, maskini juu ya maskini, katika mashimo ya pamoja. Mwaka uleule makaburi yakafungwa. Baadaye mifupa ilisombwa usiku hadi kwenye machimbo ya mawe yaliyo chini ya jiji.

Lakini watu hawakuacha kufa, na mahali pa kuwazika palihitajika. Jiji likapata kilima upande wa mashariki, nje ya mipaka yake ya enzi hizo, ambako mapadri Wajesuiti waliwahi kuwa na nyumba ya mapumziko. Aliyekuwa akifikia hapo ni François de La Chaise, padri aliyemwungamisha Mfalme Louis wa 14. Kwa jina lake pakaitwa Père-Lachaise. Msanifu Alexandre-Théodore Brongniart akapachora kama bustani yenye njia za kupindapinda na miti, kisha pakafunguliwa Mei 1804.

Wakazi wakapasusa. Palikuwa mbali, tena mlimani, na kila familia ilizoea kuzika karibu na parokia yake. Inatajwa kwamba mwaka wa kwanza yalichimbwa makaburi 13 tu.

Hapo ndipo wakuu wa jiji walipofanya kile ambacho leo tungekiita kampeni ya matangazo. Mwaka 1817 walihamishia kilimani masalia ya Molière, bingwa wa tamthilia za kuchekesha, na ya La Fontaine, mtunzi wa ngano za wanyama. Wakaongeza Abélard na Héloïse, wapenzi wa karne ya 12 ambao mapenzi yao yaliishia utawani. Kama mifupa ile ilikuwa kweli yao, wanahistoria wengi wana shaka, na mimi sioni kama kuna aliyejali sana. Matajiri walitaka ujirani na majina makubwa, nao wakalipia. Kufikia 1830 makaburi yalikuwa yamepita 30,000.

Kwa hiyo anayelalamika kwamba watalii wamepageuza Père-Lachaise kuwa maonyesho amechelewa miaka mia mbili. Leo hekta zake 44 hupokea wageni zaidi ya milioni tatu kwa mwaka, na kuingia ni bure. Wapenda muziki humtafuta Chopin, ingawa moyo wake uko Warsaw, au Édith Piaf. Vijana huuliza aliko Jim Morrison, mwimbaji wa Marekani aliyefia Paris mwaka 1971 akiwa na miaka 27. Kaburi lake limechorwachorwa sana, na sanamu ya kichwa chake iliibwa mwaka 1988, ikaja kupatikana na polisi mwaka 2025. Kaburi la mwandishi Oscar Wilde, lenye sanamu ya malaika iliyochongwa na Jacob Epstein, lilibusiwa na midomo yenye rangi mpaka jiwe likaanza kulika. Mwaka 2011 likazungushiwa kioo.

Ningekuwa mwongozaji, ningewapitisha wageni hapo haraka na kuwapeleka kona ya mashariki, kwenye ukuta usio na urembo wowote. Mei 28, 1871, wapiganaji 147 wa Komuni ya Paris, serikali ya wafanyakazi iliyodumu takriban miezi miwili, walipangwa mbele yake wakapigwa risasi, kisha wakatupwa katika shimo moja. Hao hawakuletwa na jiji ili kuvuta wateja. Wafuasi wa mrengo wa kushoto huandamana hadi hapo kila mwaka, na viongozi kadhaa wa chama cha Kikomunisti cha Ufaransa wamezikwa ng'ambo ya njia, wakiutazama ukuta huo.

Maziko yanaendelea hadi leo. Masharti si umaarufu: awe mtu aliyeishi Paris au aliyefia humo, nafasi iwepo, na familia iwe na pesa za kutosha.