Kutoka jiwe la Kivu hadi mchezo wa kambini

Barabara kubwa inayotoka Bukavu hupita Miti, huingia ndani ya mbuga ya Kahuzi-Biega, kisha hushuka Bunyakiri kabla ya kuendelea Hombo na Walikale. Kwa miaka mingi njia hiyo imepitisha ndizi, mihogo, mafuta ya mawese, askari, na familia zenye godoro kichwani. Imepitisha pia mawe meusi yenye uzito, yanayoitwa koltani. Historia ya michezo ya video haielezwi vizuri bila kuyataja mawe hayo.

Tarehe 4 Machi 2000, kampuni ya Sony ilianza kuuza PlayStation 2 nchini Japani. Kufikia mwisho wa mwaka huo, watu wa Ulaya na Marekani walikuwa wanapiga foleni madukani na wengi wanarudi mikono mitupu. Ndani ya mashine ile, kama ndani ya simu na kompyuta, kuna vipande vidogo vinavyoitwa kapasita. Kazi yake ni kushika umeme kidogo na kuutoa unapohitajika. Kapasita nzuri na ndogo hutengenezwa kwa unga wa madini ya tantali, na tantali hutoka katika koltani.

Mwaka huohuo wa 2000 bei ilipanda kwa kasi ambayo wachimbaji hawakuwahi kuiona. Pauni moja ya tantali, iliyokuwa inauzwa kwa makumi machache tu ya dola, ilizidi dola 300. Kivu Kusini na Kivu Kaskazini vilikuwa katikati ya vita vilivyoanza mwaka 1998. Vijana wengi waliacha jembe na daftari wakaenda kwenye mashimo. Wengine waliingia hadi ndani ya Kahuzi-Biega, mbuga iliyoundwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975, na ambayo tangu 1997 ilikuwa tayari imeandikwa kati ya urithi wa dunia ulio hatarini. Tembo na gorila waliwindwa kwa nyama. Watu wenye bunduki walitoza kodi kwenye mashimo na njiani. Mwaka 2001 bei ikaanguka, na wengi wakabaki na mashimo matupu na mashamba yaliyoota magugu.

Wakati ule wengi waliandika kwamba PlayStation ndiyo iliyoleta balaa. Hiyo ni nusu ya ukweli. Simu za mkononi zilihitaji tantali nyingi vilevile, wafanyabiashara waliweka akiba wakitazamia bei kupanda zaidi, na nchi iliyoongoza kwa kutoa madini hayo ilikuwa Australia, wala si Kongo. Vita navyo vilikuwa na mizizi yake kabla ya mashine ile kutengenezwa. Lakini jambo moja halipingiki: jiwe liliondoka Kivu likaenda kuwa mchezo mikononi mwa watoto wa mbali, na mchezo wenyewe haukurudi. Mtoto wa mchimbaji hakuushika.

Hata hivyo, mchezo haukuletwa Maziwa Makuu na Sony. Bao la mashimo 32 na kete 64 lilikuwepo tangu zamani. Rwanda na Burundi huliita igisoro, Waganda huliita omweso, na watu wa pwani wana bao lao lenye sheria zake. Lisipokuwepo la mbao, watu huchimba mashimo ardhini na kuokota mbegu. Wawili wanacheza, kumi wanatazama, na wanaotazama ndio wenye maneno mengi. Mtoto hujifunza akiwa amesimama nyuma ya mzee, bila kulipa kitu. Bao haliwezi kuporwa barabarani, kwa sababu linabebwa kichwani.

Vitabu vilikuwa na njia nyingine. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliunda IRSAC, taasisi ya utafiti wa kisayansi, na makao yake makubwa yakajengwa Lwiro, si mbali na Kavumu. Palikuwa na maabara, makusanyo ya wanyama, na maktaba kubwa. Lakini maktaba ile ilikusudiwa watafiti. Kwa mkaaji wa kawaida wa milimani, kitabu kilikuwa kile cha shule au cha kanisa, na mara nyingi kimoja kilisomwa na watoto wanne walioinamisha vichwa pamoja.

Familia inapokimbia, kitabu ndicho cha kwanza kuachwa. Sufuria inabebwa, godoro linabebwa, mtoto anabebwa. Mashirika ya msaada nayo kwa muda mrefu yalihesabu hivyohivyo: maji, chakula, hema, dawa. Baada ya tetemeko la ardhi la Haiti, tarehe 12 Januari 2010, shirika la Ufaransa linaloitwa Bibliothèques Sans Frontières lilianza kuuliza swali lingine. Mtu aliyekwisha kunywa na kula, akikaa kambini miaka kumi, atafanya nini na akili yake?

Jibu lao liliitwa Ideas Box: maktaba iliyofungwa ndani ya masanduku, iliyochorwa na Philippe Starck na kuandaliwa pamoja na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, HCR. Masanduku yakifunguliwa yanakuwa meza, viti na rafu. Ndani kuna vitabu vya karatasi, tableti, kompyuta, filamu na michezo, pamoja na umeme wake. Mwaka 2014 masanduku ya kwanza yalifika Burundi, katika kambi za Wakongo, nyingi za familia hizo zikiwa zimetoka Kivu Kusini. Kambi moja ilikuwa Bwagiriza. Nyingine iliitwa Kavumu, si Kavumu ya uwanja wa ndege karibu na Bukavu, bali Kavumu ya Cankuzo. Kwa hiyo watu waliokimbia upande huu walikuta jina la nyumbani upande wa pili wa mpaka, na humo wakakuta vitabu na michezo mahali pamoja, bila mtu kuona aibu ya kupenda vyote viwili.

Kaskazini mwa Uganda mambo yalikwenda kinyume: hakuna sanduku lililoletwa. Lual Mayen alizaliwa njiani, wazazi wake wakikimbia vita vya Sudan ya Kusini. Dada zake wawili walikufa katika safari hiyo. Alikulia kambini zaidi ya miaka 20. Mwaka 2007 aliona kompyuta kwa mara ya kwanza, kwenye meza ya kuandikisha wakimbizi, akamwambia mama yake kwamba anaitaka. Mama alikaa kimya, akaanza kuweka akiba. Miaka mitatu baadaye alimpa mtoto wake dola 300.

Kambini hapakuwa na umeme. Kijana alitembea saa tatu kwenda kuchaji, kisha akarudi. Kwenye kompyuta hiyo alicheza Grand Theft Auto: Vice City, mchezo wa bunduki na wizi wa magari, akajiuliza: ikiwa mchezo unaweza kumzoeza mtu kupiga, je, hauwezi kumzoeza kupatana? Akajifundisha mwenyewe, akatengeneza mchezo aliouita Salaam, yaani amani. Aliwagawia vijana wenzake kambini kwa bluetooth, simu hadi simu, kisha akauweka Facebook. Hapo watengenezaji wa michezo wa nchi nyingine wakauona, wakamwandikia, wakamwita. Baadaye alianzisha kampuni yake, Junub Games, mjini Washington, na mwaka 2018 alitunzwa katika sherehe ya The Game Awards.

Wengi husimulia habari hiyo kama bahati ya mtu mmoja. Lakini ukiifuata toka mwanzo, unakuta mama aliyeweka akiba, mahali pa kuchaji, vijana waliokubali kupokea mchezo kwa bluetooth, na wageni wa mbali waliojibu ujumbe. Ukiondoa mmoja wao, mchezo unabaki ndani ya kompyuta moja.

Bunyakiri ina mengi ya hayo. Watu wanajua kutazama bao pamoja, kusikiliza redio moja nyumba tatu, kupeana nyimbo na filamu kwa kadi ya simu wakati mtandao umepotea. Familia zilizokimbia zinapokelewa katika nyumba za wenyeji, na watoto wa pande zote mbili wanalala chumba kimoja. Kitabu kimoja kikisomwa kwa sauti katika chumba hicho, kina wasomaji wanane. Hilo halihitaji kungoja sanduku kutoka Paris.

Mawe bado yanashuka barabara ileile. Mzee anayemfundisha bao mtoto wa mgeni, na msichana anayemsomea mdogo wake kwa tochi ya simu, wameshika kitu ambacho hakuna gari litakalokuja kukipakia.