Kelele Mbele ya Hakimu

Sikio ni hakimu mwepesi. Likisikia sauti liliyoizoea husema, "Huu ni muziki." Likisikia sauti ngeni husema, "Hizi ni kelele," na kesi hufungwa kabla shahidi hajafungua kinywa. Tangu mwanzo wa karne ya 20 hukumu ya namna hii imetolewa mara nyingi juu ya muziki uliotungwa kwa sauti za mashine na nguvu za umeme. Historia ya muziki huo yafaa kusomwa, si kwa sababu kila mtu apaswa kuupenda, bali kwa sababu yatuonyesha hasara ipatikanayo hukumu inapotangulia kusikiliza.

Luigi Russolo alikuwa mchoraji wa Italia. Mwezi wa Machi 1913 aliandika waraka wa kutetea kelele. Alidai kwamba mashine zimeleta ulimwenguni sauti ambazo wazee hawakuzijua, na kwamba ala za zamani hazitoshi tena kueleza maisha ya mji wenye magari na viwanda. Hakukomea kwenye maneno. Aliunda masanduku ya mbao yenye pembe kubwa za kutolea sauti. Mpigaji alizungusha kipini, nalo sanduku likanguruma, likavuma au likakwaruza. Tarehe 21 Aprili 1914 masanduku hayo yalipigwa mbele ya watu katika mji wa Milan. Watazamaji walizomea, na ugomvi wa ngumi ukazuka ukumbini. Pengine wengi waliorudi nyumbani usiku ule wakiulaumu muziki wa Russolo hawakuwa wameusikia; walikuwa wamesikia makelele yao wenyewe. Baadaye masanduku yale ya asili yalipotea, wala hapana awezaye leo kuifungua kesi ile upya kwa haki kamili.

Miaka 30 ilipopita, jambo kubwa lilitendeka katika bara letu la Afrika. Mwaka 1944 Halim El-Dabh, kijana wa Kairo aliyesomea kilimo, aliazima katika kituo cha redio mashine iliyonasa sauti juu ya waya mwembamba wa chuma. Akaenda kunasa nyimbo za wanawake katika zaar, ambayo ni ngoma ya kupunga pepo, nasi watu wa Afrika ya Mashariki tunazo ngoma za jamaa hiyo katika mwambao. Kisha alirudi kituoni, akazipitisha sauti zile katika chumba cha mwangwi, akaondoa sauti za msingi na kuacha zile nyembamba zinazozifuata, hata maneno yakatoweka ukabaki mvumo. Hapakuwa na mwimbaji wala mpiga ngoma wa kutazamwa; kazi yote ilikuwa ndani ya waya.

Miaka 4 baadaye Pierre Schaeffer, mhandisi wa redio katika mji wa Paris, alinasa sauti za magari ya moshi stesheni, akazipanga na kuzirudiarudia kwa sahani za santuri. Kazi yake ilitangazwa redioni tarehe 5 Oktoba 1948, nayo ilistahili sifa. Lakini kwa miaka mingi vitabu vilimpa yeye peke yake heshima ya mwanzo, vikamsahau Mwafrika aliyemtangulia. Sababu si ngumu kuijua. Schaeffer alikuwa na redio ya taifa nyuma yake, tena aliandika vitabu na kupata wafuasi. Kazi ya El-Dabh ilikaa juu ya waya, na miaka zaidi ya 50 ilipita kabla ya sehemu yake kutolewa katika sahani iliyoweza kununuliwa na watu. Mtu aliyehukumiwa vibaya aweza kukata rufani. Asiyesikika hata jina lake haliitwi mahakamani. Heri El-Dabh alijaliwa umri mrefu. Alifariki Marekani mwaka 2017, akiwa na miaka 96, naye alikuwa ameiona heshima yake ikirudi.

Jina la muziki wa viwanda lilitoka Uingereza. Mwaka 1976 watu wanne walioitwa Throbbing Gristle walianzisha kampuni yao ya sahani, wakaiita Industrial Records, yaani Sahani za Viwanda. Mwaka uo huo mbunge mmoja, kwa hasira juu ya maonyesho yao ya sanaa mjini London, aliwaita waharibifu wa ustaarabu. Wao walijibu kwa mzaha. Albamu yao ya mwaka 1979 waliiita 20 Jazz Funk Greats. Katika jalada wamesimama penye maua, juu ya jabali la pwani, wakiwa nadhifu kama watu waendao karamuni. Mnunuzi aliyetazamia nyimbo 20 za jazi za kuchezwa alikuta nyimbo zisizofika 20, zenye midundo baridi ya mashine na sauti za kunong'ona. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mwenye kuhakiki albamu ile kwa jalada lake angeaibika mbele ya wasomaji wake.

Leo kesi hii imefika mlangoni petu. Joseph Kamaru, kijana wa Nairobi ajulikanaye kwa jina la KMRU, ni mjukuu wa Joseph Kamaru, mwimbaji mashuhuri wa Kikikuyu aliyefariki mwaka 2018. Babu alisema na watu kwa maneno na gita. Mjukuu hunasa sauti za mahali, kisha huzichanganya na sauti za mashine. Albamu yake iitwayo Peel ilitolewa mwaka 2020. Haina ngoma ya kuchezesha miguu, na wimbo wake wa mwisho unazidi dakika 20, ukikua polepole kama mawingu yakusanyikayo kabla ya mvua. Mwenye haraka atasema hakuna kitu. Mwenye subira atasikia mabadiliko madogo madogo, naye ndipo apatapo haki ya kusema ni mazuri au mabaya.

Basi, kijana uketiye kuandika juu ya sahani usiyoizoea, shika mambo matatu. Kwanza isikilize yote, na zaidi ya mara moja. Pili eleza ulichokisikia, kwa namna ambayo mtu asiyekuwapo ataweza kukitambua. Tatu uliza mtungaji alikusudia nini, na kama alifika alikokwenda. Baada ya hayo sema wazi kwamba umependa au hukupenda, kwa maana hakimu asiyetoa hukumu naye ameiacha kazi yake. Ukifanya hivyo, hata ukikosea, wa baadaye wataweza kukusahihisha, kwa kuwa utakuwa umewaachia ushahidi. Waliozomea Milan hawakuacha ushahidi wowote ila zomea yao.