Kabla hujapigiwa Windows: kisa cha leseni tangu 1976

Nilikuwa naunga kompyuta yangu mwenyewe: keso ya mtumba, prosesa ya mtumba, mazabodi na RAM nilivyookota Kariakoo kimoja kimoja kila mshahara ulipotoka. Mwisho fundi akauliza, "Kaka, nikupigie Windows?" Bei aliyotaja haikuzidi ya chipsi kuku. Nikajua ni ya kunakili. Nilitaka kuitikia, nikakumbuka makala niliyowahi kuandika kuwasema wanaouza nyimbo za wasanii wetu bila ruhusa. Aibu!

Nikaenda kutafuta bei halali. Windows 11 Home kwa rejareja ni dola 139 Marekani, karibu sawa na vipuri vyangu vyote. Kwa nini sisi tunaojiungia mashine tunaumia hivi? Jibu liko kwenye historia.

Mwaka 1975 kompyuta ya Altair 8800 iliuzwa vipande vipande, mnunuzi akaiunga mwenyewe. Bill Gates na Paul Allen wakaiandikia BASIC, lugha ya kutungia programu. Utepe wenye BASIC ukafika kwa wanachama wa Homebrew Computer Club kule California, wakanakili na kugawana. Februari 1976 Gates, akiwa na miaka 20 tu, akawaandikia barua ya wazi: chini ya asilimia 10 ya wenye Altair ndio walionunua BASIC. Wengi wenu, aliwaambia, mnaiba.

Lakini utajiri wa Microsoft haukutoka kwa waunga mashine. Ulitoka kwa watengenezaji. Mwaka 1981 kampuni ilinunua mfumo endeshi wa 86-DOS, ikaupa IBM kwa leseni, ikabaki na haki ya kuwauzia wengine. Baadaye ikaweka mikataba ambayo mtengenezaji alilipia kila kompyuta yenye prosesa fulani, hata ile isiyowekwa MS-DOS! Serikali ya Marekani iliingilia kati, na mwaka 1994 Microsoft ikakubali kuiacha.

Hivyo ndivyo leseni ilivyojificha ndani ya bei ya mashine. Mwenye kununua kompyuta nzima haioni. Lakini leseni hiyo ya mtengenezaji imefungwa kwenye mashine ileile. Mazabodi ikibadilishwa, kwa kawaida nayo imekwisha. Na tangu Windows XP ya mwaka 2001, programu yenyewe hukagua. Ningenunua kompyuta kamili ya mtumba, huenda ningepata leseni humohumo. Nimejifunza nimeshachelewa.

Kuna njia nyingine. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alitoa Linux, na mwaka uliofuata akaiweka chini ya leseni ya GPL inayokuruhusu kunakili na kugawa. Hata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, matunda ya programu huria. Halali, ndugu zangu, si lazima iwe ya kulipia.

Basi mashine yangu inatumia Ubuntu. Naandikia hapa hapa. Programu moja ya kuhariri sauti ninayoitumia kazini imegoma kabisa, na hilo linaniuma. Nitadunduliza hizo dola 139. Lakini siku nikiandika tena juu ya wizi wa nyimbo, sitajificha uso.

Je, wewe yako umeipataje? Sema ukweli.