Diorama: Mto Rufiji Juu ya Meza

Manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa na urefu wa mita 115. Fundi wa mifano akiiunda kwa kipimo cha 1 kwa 350 anapata meli ya sentimita 33, ambayo rafu ya vitabu inaipokea bila taabu. Sasa aongeze adui. Tarehe 11 Julai 1915, siku meli hiyo ilipoangamia ndani ya delta ya Rufiji, meli za Kiingereza zilizokuwa zikiirushia makombora zilikuwa umbali wa kama kilomita 9, nyuma ya vipindo vya mto na misitu ya mikoko. Kilomita 9 kwa kipimo kilekile ni karibu mita 26. Hapo rafu haifai kitu, unatafuta ukumbi wa harusi. Na hata ukiupata ukumbi, utakachojenga humo hakitakuwa diorama.

Anayelikuta neno hili mara ya kwanza hushawishika kulitafsiri "mfano", yakaisha. Lakini mfano wa meli ni meli peke yake, imesimama juu ya kigingi, tumbo lake lote liko wazi hadi mkuku. Haina mahali ilipo wala saa. Diorama inaidai saa. Ni tukio lililofinyangwa kwa vipimo vidogo, ardhi na maji na miti na watu na vyombo vikiwa pamoja, ili mtazamaji aone kile ambacho mtu aliyesimama pale, wakati ule, angekiona kwa macho yake. Masharti ya mwisho ndiyo magumu: pale, wakati ule, kwa macho yake.

Masharti hayo yamo ndani ya jina tangu lilipotungwa. Mwaka 1822 Louis Daguerre, Mfaransa yuleyule ambaye baadaye alipata umaarufu kwa njia yake ya kunasa picha, alifungua mjini Paris jumba la maonyesho aliloliita Diorama, yeye na mwenzake Charles Marie Bouton. Humo hamkuwa na sanamu hata moja. Zilikuwamo turubai kubwa mno zilizopakwa rangi za kupitisha nuru. Mwanga ulipohamishwa kutoka mbele kwenda nyuma ya turubai, mchana uligeuka usiku na kanisa tupu likajaa watu. Watazamaji walikaa kwenye jukwaa lililozungushwa kutoka picha moja hadi nyingine. Kigiriki kilitoa vipande viwili vya jina hilo: dia, yaani kupitia, na horama, yaani kinachoonekana. Jumba liliteketea kwa moto mwaka 1839, lakini jina lilinusurika, likahamia kwenye vitu vya kushikika. Makumbusho ya historia ya viumbe ya New York yalilipa sura inayofahamika zaidi leo: wanyama waliokaushwa wamesimama kwenye majani na mawe, nyuma yao ukuta uliopinda umechorwa milima na mawingu. Ukumbi wa wanyama wa Afrika uliobuniwa na Carl Akeley ulifunguliwa humo mwaka 1936, miaka kumi baada ya yeye mwenyewe kufia Kongo.

Kiswahili kina neno lililokaa tayari kuipokea maana hii, nalo ni mandhari. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wa kutazama, mzizi uleule uliotupa nadharia. Kwa hiyo mandhari na horama yanasema jambo moja kwa njia mbili: kile kinachoonekana. Tena kila aliyesoma fasihi sekondari ameshafundishwa kwamba mandhari ya riwaya ni mahali na wakati wa matukio yake, wala si milima na miti peke yake. Mwalimu wa fasihi amewarahisishia kazi mafundi wa mifano bila kujua. Ninachopendekeza basi ni mandhari ya mfano. Anayetaka ufupi aseme diorama, katika ngeli ya i-zi kama sinema na kamera: diorama hii, diorama hizi. Madiorama sioni haja yake.

Maneno mengine niliyoyapima yanapwaya. Kielelezo ni chochote kinachosaidia kueleza, hata mchoro ubaoni. Kigezo ni cha kunakilia. Onyesho linapita, diorama inakaa. Sanamu inawafaa watu na wanyama waliomo ndani, ingawa ina uzito wake katika masikio ya Waislamu, na kwa askari wa sentimita 5 ningesema kijisanamu. Mfano wenyewe una kasoro ya pili: ukisema "huu ni mfano wa manowari", msikilizaji anaweza kudhani unamtolea mojawapo ya manowari nyingi ili aelewe aina yake.

Mtu aliyeuonyesha vizuri mpaka kati ya mandhari na kitu kingine ni William Siborne, ofisa wa jeshi la Uingereza. Mwaka 1838 alionyesha London mfano wa uwanja wa vita wa Waterloo, kama mita 8 kwa 6, wenye vijisanamu zaidi ya 70,000. Ardhi aliipunguza kwa takriban 1 kwa 600. Kwa kipimo hicho askari anakuwa na milimita 3, pungufu ya punje ya mchele, kwa hiyo aliwafinyanga wakubwa zaidi, na kila mmoja akasimama badala ya watu wawili. Kazi yake ipo mpaka leo, na ni ya ajabu. Lakini hakuna mwanadamu aliyeiona Waterloo namna ile. Ni jicho la kunguru, au la mpima ardhi. Hicho ningekiita ramani ya umbo, na ndicho ambacho ukumbi wetu wa mita 26 ungezaa.

Hapa inafaa kusema neno juu ya skeli, maana ndipo mazungumzo mengi yanapokorogeka. Shuleni tulijifunza kwenye ramani kwamba 1 kwa 50,000 ni skeli kubwa kuliko 1 kwa 250,000, ingawa namba yake ni ndogo. Kwa mifano ni vivyo hivyo: kifaru cha 1 kwa 35 ni kikubwa kuliko cha 1 kwa 72. Diorama kubwa si lazima iwe ya skeli kubwa, na mtu akikwambia "nimejenga kwa skeli kubwa" muulize namba. Namba zenyewe zina historia za kuchekesha. 1 kwa 72 ilitoka katika vipimo vya Kiingereza, ambapo futi sita zinakuwa inchi moja, na mtu mrefu anaingia katika inchi hiyo. 1 kwa 35 ilianza Japani mwanzoni mwa miaka ya 1960, kampuni ya Tamiya ilipotengeneza kifaru cha Panther chenye mota ndani. Ukubwa ulipangwa ili betri zienee, hesabu ya uwiano ikafuata baadaye. Leo maelfu ya mafundi duniani wanaiheshimu namba hiyo kana kwamba ilishuka.

Turudi Rufiji. Mto unamnyima fundi uhuru ambao jangwa lingempa. Jambo la kwanza ni kwamba maji hayakubali kupunguzwa. Meli utaifanya ndogo mara 350, lakini tone la maji linabaki tone lilelile, na ukimwaga maji halisi kwenye mto wa mezani yatajikunja kingoni na kung'ang'ania ubavu wa meli kwa namna ambayo hakuna mto unaofanya. Kwa sababu hiyo mafundi hutumia resini, utomvu wa kiwandani unaochanganywa na dawa yake ya kugandisha. Humiminwa kwa tabaka nyembamba, kila moja ikisubiriwa ikauke, kwa kuwa resini hutoa joto inapoganda, na tabaka nene hupasuka au kuyeyusha povu gumu lililo chini yake. Kwa vijito vya Ulaya vyenye kokoto zinazoonekana chini, kazi hiyo ina maana. Kwa Rufiji naiona kuwa nusu yake ni bure. Maji yale yamejaa tope kutoka bara, huoni hata shubiri moja chini. Kinachotakiwa ni uso uliochongwa viwimbi vidogo kwenye plasta, ukapakwa rangi ya udongo, uliokolea katikati ya mkondo na kufifia kandoni, kisha vanishi ya kung'aa juu yake, na basi.

Jambo la pili ni meli kukatwa. Kwenye mandhari ya mto hulihitaji tumbo la meli, unahitaji kilicho juu ya maji tu. Mwaka 1971 viwanda kadhaa vya Japani vilianza kwa pamoja kutoa meli za 1 kwa 700 zilizokatwa hivyo tangu kiwandani. Fundi wa Rufiji ana kibarua zaidi, kwa kuwa lazima ajue pa kukata, na hilo linategemea saa. Delta ile inaongozwa na bahari. Wakati wa bamvua, maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Kwa 1 kwa 350 hiyo ni karibu sentimita nzima kwenye kingo za mto wako. Maji yakiwa yamejaa, mikoko inaonekana kama vichaka vinavyoelea. Yakipwa, inasimama juu ya magoti yake, mizizi yote ya upinde nje, chini yake tope jeusi na kaa, na mti wa mchu umeizungushia miguu yake vijiti vya kupumulia vilivyochomoza kama penseli. Mandhari ni mbili tofauti. Fundi asiyeamua ni saa gani hujikuta ametengeneza mizizi iliyo wazi na meli inayoelea kama ya maji makuu, na mvuvi yeyote wa Salale, humo deltani, atamcheka.

Kina cha maji hayo ndicho kilichoamua vita vyenyewe. Königsberg ilihitaji zaidi ya mita 5 za maji. Ilijichimbia mtoni baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, mitambo yake ikiwa mibovu, na mabaharia wake wakaifunika matawi ili ifanane na msitu. Meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata. Zilizoweza ni Severn na Mersey, zilizoundwa Uingereza kwa ajili ya Brazili na mto Amazon, zenye kina cha chini ya mita 2 majini. Ziliingia alfajiri ya tarehe 6 Julai 1915 zikashindwa, zikarudi tarehe 11. Wapiga mizinga wake hawakuiona shabaha hata mara moja. Ndege zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia ziliwaelekeza makombora yanapoangukia.

Ndiyo maana ukumbi wa mita 26 ni kosa la kimantiki, achilia mbali kodi yake. Vita hivyo havikuwa na mandhari moja. Aliyekuwa sitaha ya Severn aliona miti na moshi, na aliyekuwa Königsberg aliona miti na nguzo za maji zikiruka. Ukiziweka pande zote mbili mezani, umempa mtazamaji jicho ambalo aliyekuwa nalo alikuwa rubani peke yake. Fundi mjanja anaweza kuegemea hila ya wachoraji, miti ya mbele iwe ya 1 kwa 350 na ya nyuma ya 1 kwa 700, ili jicho lidanganyike kuhusu umbali. Hila hiyo inapendeza, lakini inarefusha msitu tu, haiufanyi upitishe macho.

Kuna dakika moja tu niijuayo ambapo vitu vingi vya siku ile vilikuwa mbele ya jicho moja. Tarehe 11 Julai ndege ya Farman iliyokuwa na rubani John Cull na mwelekezaji wake Arnold ilipigwa, ikashuka na kuanguka mtoni karibu na Mersey. Wote wawili waliokolewa na mashua ya meli hiyo. Mto, chombo, ndege iliyopinduka, mashua, mikoko, vyote ndani ya mita mia chache. Kwa 1 kwa 72 Mersey inakuwa na urefu wa mita 1.13, na meza ya mita 3 inatosha. Hiyo ni mandhari ya mfano kwa maana zote, na ningependa kuiona imejengwa.

Ila kama meza ni ndogo na mkono ni mwepisi, ipo nyingine inayonivutia zaidi. Mizinga 10 ya Königsberg ilitolewa kwenye mabaki, ikapelekwa Dar es Salaam, ikaundiwa magurudumu, na jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, likaitumia nchi kavu. Mmoja wake umesimama leo Fort Jesus, Mombasa, jirani na mzinga wa Pegasus. Waliokokota vyuma hivyo kupita matope na nyika walikuwa Waafrika, kwa mamia, kwa kamba. Hapa skeli ya 1 kwa 35 ndiyo inayofaa: mtutu wa mita 4.2 unakuwa sentimita 12, na kila mvutaji sentimita 5. Askari wa Kijerumani wa kipimo hicho wanauzwa kwa maboksi, kofia na vifungo vyote mahali pake. Mpagazi wa Kirufiji, aghalabu, itakubidi umfinyange mwenyewe, mmoja mmoja, na mgongo wa kila mmoja uiname kadiri ya nafasi yake kwenye kamba.