Kutoka Maji ya Limau hadi Tangi la Samaki
Kidhibiti cha pH kwenye tangi langu la samaki nakiheshimu kwa ukoo wake. Mwaka 1909, Søren Sørensen, akichunguza vimeng'enya katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alibuni kipimo cha pH, yaani cha uchachu. Mwaka 1934, Arnold Beckman wa California akamuundia mwenzake wa zamani wa chuo mita ya kupimia uchachu wa maji ya limau.

Sisi wafugaji tumerithi kazi yao. Kaboni dioksaidi ikiyeyuka, maji huchachuka; pH ikishuka kwa pointi 1, kaboneti zikibaki zilezile, gesi imeongezeka mara 10. Kabla samaki hawajaanza kutweta juu ya maji, kidhibiti hufunga vali inayoingiza gesi hiyo tangini. Ila kijiti chake cha kioo cha kupimia lazima kisahihishwe kwa vimiminika vya pH 4 na 7.