Nani analipa, nani anawashiwa taa?

Leo naomba tuzungumze umeme. Simaanishi mgawo, huo tumeuzungumza mpaka umetuchosha. Nataka swali la zamani zaidi: nani analipa na nani anawashiwa taa?

Swali hili limo ndani ya Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967. Wengi wetu shuleni tulikariri miiko ya viongozi, tukafaulu mtihani, basi. Lakini ukilisoma taratibu utakuta habari za taa za umeme, mabomba ya maji, hoteli na barabara za lami. Hoja yake ni hii: vitu hivyo viko zaidi mijini, vingi vimejengwa kwa mikopo ya nje, na mikopo inalipwa kwa fedha za kigeni zinazoletwa na mazao ya mkulima. Azimio likaonya kwamba tusipoangalia, mji utamnyonya mkulima.

Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, hakuhitaji kompyuta kuliona hilo. Mkulima wa pamba wa Bunda ni mfano tosha.

Kisha ikawaje? Mwaka 1975 awamu ya kwanza ya Kidatu ilianza kuzalisha, kwa fedha za Benki ya Dunia na Sweden miongoni mwa wengine. Baadaye ikafikia megawati 204. Nyaya zikaelekea Morogoro na Dar es Salaam. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulianza kazi mwaka 2007. Toa 1967 unapata miaka 40. Hesabu hiyo hata sisi waandishi tunaiweza.

Nyingine zinahitaji mashine. Nchi hii mwaka 1974 ilipiga marufuku kuingiza kompyuta. Leo wapangaji wa umeme duniani wanatumia programu kama OnSSET, iliyotengenezwa chuo cha KTH, Stockholm. Unaipa idadi ya watu, umbali wa nyaya, nguvu ya jua, maji na upepo, na bei za vifaa. Inakuambia kijiji hiki kivutiwe nyaya, kile kijengewe mtambo mdogo, na kule kila nyumba ifunge paneli yake. Inachotafuta ni gharama ndogo.

Hapo ndipo Azimio linaporudi. Njia rahisi kwa taifa yaweza kuwa ghali kwa mwanakijiji. Tazameni Ukara, kisiwa cha Ukerewe, jirani zetu ziwani. Mtambo wa jua wa kampuni binafsi ulianza mwaka 2016. Giza likaondoka, lakini mvuvi wa Ukara akawa analipa uniti moja mara nyingi zaidi ya mtu wa Mwanza mjini. Mwaka 2020 serikali ikaagiza mitambo midogo itoze shilingi 100 kwa uniti. Kwa mteja ni nafuu. Kwa mwekezaji, mtaji unarudije? Wote wawili wana hoja.

Sasa bwawa la Rufiji lina jina la mtoto wa Butiama: megawati 2,115, mashine 9, ya kwanza ikiwashwa mwaka 2024. Kazi kubwa iliyobaki ni kugawa.

Kwa hiyo wewe kijana wa Musoma au Bunda unayesomea hesabu na kompyuta, kabla hujaandika programu, lisome Azimio. Mashine hujibu ulichoiuliza. Usipoiuliza nani analipa, haitakwambia.

Mnasemaje wadau?