Kisomeo: Chombo cha Anayesoma kwa Sikio

Kijitabu cha mafunzo ya kompyuta kilichotufikia hapa Nsemulwa, mkoani Katavi, kinarudia maneno "msomaji wa skrini" karibu kila ukurasa. "Msomaji wa skrini atakutajia menyu." "Mwache msomaji wa skrini amalize." Mwenzangu mmoja, asiyeona kama mimi, aliuliza huyo msomaji anakuja lini. Aliuliza kwa dhati, na kosa halikuwa lake. Waandishi wa kijitabu wamefuata orodha ya kamati moja ya istilahi. Niliiandikia kamati hiyo kwa adabu, sikujibiwa. Sasa naandika hadharani.

Mimi ni msomaji. Shuleni nilijifunza nukta nundu, na hakuna mwalimu aliyesema kwamba wasomaji ni vidole vyangu. Vidole vilipita juu ya karatasi, maana ikanifikia, nikawa nimesoma. Leo maandishi yananijia masikioni kupitia programu ya kompyuta inayoyatamka, ile ambayo Kiingereza huiita screen reader. Mlango umebadilika, ila mwenye nyumba ni yuleyule. Istilahi inayoipa programu cheo cha msomaji inaninyang'anya kazi ninayoifanya kila siku.

Wapo watakaosema kusoma ni kwa macho. Hao hawajaisikiliza lugha yao. Tunasoma Maulidi, na wengi wanaoyasoma hawana kitabu mbele yao. Mtoto wa chuoni husoma Kurani kwa sauti kabla hajazijua herufi zote, na hafidhi asiyeona huitwa msomaji bila mtu kushangaa. Ng'ambo ya Ziwa Victoria, Waganda waliingia Ukristo wakaitwa wasomaji, na mpaka leo kitenzi chao cha kusoma hubeba pia maana ya kusali. Kitenzi hiki kimeishi na sauti muda mrefu. Wanaokifungia machoni ndio wanaokipunguza.

Kosa la kamati limetoka kwenye Kiingereza. Lugha hiyo haina ngeli kama zetu, na kiambishi kimoja, -er, humzaa mwalimu (teacher) na kikazaa friza (freezer). Sisi kwa kawaida tunatenganisha: mtu ana M-, chombo kina KI-. Aliyetafsiri screen reader neno kwa neno amekiingiza chombo katika ngeli ya watu.

Wengine, wenye sikio zuri zaidi, wanapendekeza "kisomaskrini". Umbo lake lina ndugu wa kutosha: kinasasauti, kipazasauti, kipimajoto. Kwa sarufi sina neno. Ugomvi wangu ni na hiyo skrini, na mfano ninao kwenye meza yangu.

Usiku hufungua programu ya redio ya intaneti. Ile iliyotengenezwa vizuri, nikibonyeza Tab, nasikia "Cheza, kitufe". Tab tena, "Sauti, asilimia 40". Mshale wa chini unanipitisha kwenye stesheni moja moja, nabonyeza Enter kwenye niitakayo, na mtangazaji anaanza. NVDA, chombo ninachokitumia, ina mpangilio wa kuishusha redio kila inaponena. Unaubadilisha kwa Insert, Shift na D. Mtangazaji anashuka, jina la kitufe linapita, mtangazaji anapanda. Kwa masikio hayohayo nasoma vitufe na kusikiliza habari, na ni vitendo viwili tofauti kabisa. Mbele ya redio nakubali kuitwa msikilizaji. Mbele ya vitufe ninasoma.

Fungua sasa programu nyingine, ambayo wanaoona wanaisifia sura. Tab: "Kitufe". Tab: "Kitufe". Tab: "Kitufe". Mtengenezaji amechora pembetatu ya kucheza na mraba wa kusimamisha, hakuvipa majina. Pembetatu iko palepale kwenye skrini, kubwa, yenye rangi. Kama chombo changu kinasoma skrini, mbona hakiitaji? Kwa sababu kazi yake si hiyo. Chombo kinauuliza mfumo wa kompyuta: hiki ni nini, kinaitwaje, kiko katika hali gani? Penye jina natajiwa jina. Pasipo jina nabaki na "kitufe". Hata skrini ikizimwa kabisa, kazi inaendelea. Kukiita kisomaskrini ni kumfundisha mtengenezaji wa redio kwamba akishachora amemaliza, wakati kilichobaki ni kuandika majina ya vitufe.

Watengenezaji wawili mashuhuri hawakuvibatiza vyombo vyao kwa jina la skrini. Ted Henter wa Marekani, aliyepoteza macho katika ajali ya gari mwaka 1978, alitoa JAWS mwaka 1989, na herufi hizo zinataja kuifikia kazi kwa usemi. Michael Curran wa Australia, naye haoni, alianza NVDA mwaka 2006 akaifanya ya bure. Herufi zake zinataja kuifikia kompyuta pasipo kuona. Wote wawili walianza na mtu na anachokifikia.

Kiswahili kina njia ya kusema hivyo kwa neno moja. Chukua kitenzi, kitie kauli ya kutendea, kipe KI- mbele na -o nyuma. Futa, futia, kifutio. Chuja, chujia, kichujio. Chonga, chongea, kichongeo. Irabu nayo ina sheria yake: baada ya a, i na u huja -i-, baada ya e na o huja -e-. Kwa hiyo soma, somea, kisomeo. Kauli hiyo hiyo iko katika miwani ya kusomea, na hakuna aliyewahi kudhani miwani ndiyo inayosoma. Kipazasauti kinapaza chenyewe. Kichongeo hakichongi mpaka mwanafunzi ashike penseli, na kisomeo ni wa ukoo wa kichongeo: mtendaji ni mtu.

Mpinzani wangu mmoja, ambaye makala zake huchapishwa kuliko zangu, anadai kisomeo kitachanganywa na kisomo. Basi aeleze kwa nini kipimo na kipimio havijamchanganya fundi yeyote. Kipimo hasa ni kile kinachopatikana, kipimio ni cha kupimia. Kisomo nacho ni elimu, kisomeo ni cha kusomea. Anadai pia kwamba neno halijazoeleka. Kikokotoo kilikaa kimya vitabuni mpaka mwaka 2018, mjadala wa kikokotoo cha mafao ulipowagusa watumishi, na tangu hapo kila mwenye pensheni analo neno hilo mdomoni. Maneno huzoeleka yakiguswa na haja ya watu, na haja yetu ipo. Mtu wa Katavi aliye mbali na nyumbani anaitafuta Mpanda Radio kwa intaneti, nami hapa natafuta stesheni za mbali kwa njia hiyohiyo. Mkondo wa kilobiti 64 kwa sekunde unakula takriban megabaiti 29 kwa saa. Bando ni letu, na hatutaki liishe tukiwa bado tunahesabu vitufe visivyo na jina.

Matumizi: kisomeo, wingi visomeo, washa kisomeo, zima kisomeo, programu hii ya redio inasomeka kwa kisomeo, ile haisomeki.